Somo la Afya: Spiriti katika Sanduku la Huduma ya Kwanza

Mwanachama anapojikata kwa jembe au panga, mara nyingi katibu wa chama ndiye huitwa alete chupa ya spiriti. Yafaa basi katibu ajue chupa hiyo inaweza nini na haiwezi nini.

Spiriti ya hospitali ni alkoholi ya ethili, kileo kile kile kilichomo katika pombe, ila kimekolezwa. Huua vijidudu kwa kuigandisha protini ya miili yao, kama yai ligandavyo motoni. Wengi hudhani iliyo kali zaidi ndiyo bora. Sivyo. Ile ya asilimia 96 hugandisha ganda la nje tu la kijidudu, kisha hukauka upesi. Ile ya asilimia 70 ina maji yanayoisaidia kupenya. Ikipatikana ya 96 peke yake, hupimwa mililita 73, kisha huongezwa maji yaliyochemshwa na kupoa hata zitimie mililita 100.

Mahali pake ni ngozi nzima, yaani mikono ya mhudumu au pale pa kuchomwa sindano. Ikimwagwa katika kidonda kilicho wazi huunguza nyama na kuchelewesha kupona. Tena haiangamizi mbegu za vijidudu vya pepopunda, ambazo hukaa udongoni na katika samadi. Jeraha la jembe huoshwa kwa sabuni na maji safi mengi, na majeruhi hupelekwa zahanati akaangaliwe kama chanjo yake ingali na nguvu. Kidonda kilichotiwa spiriti huonekana kimekwisha kutibiwa, na kwa ajili hiyo safari ya zahanati huahirishwa.

Mtoto mwenye homa asipanguswe kwa spiriti. Huingia mwilini kwa ngozi na kwa pumzi, na watoto wamepata kuzimia kwa sababu hiyo. Naye aliyeshikwa na baridi asinyweshwe pombe: mishipa ya ngozi hufunguka, akajiona amepata joto, kumbe joto la mwili linamtoka.

Spiriti ya kuwashia moto ni jambo jingine. Kwa kawaida hutiwa methili, ambayo ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya, Embu na Kiambu zikiwa miongoni mwa sehemu zilizopatwa, kwa pombe iliyochanganywa na methili, wengine walipofuka. Dalili huweza kukawia hata siku nzima: kutapika, kuumwa kichwa, kuona ukungu. Hospitali hutumia dawa ya fomepizoli, au ethili yenyewe kwa kipimo, kwani ini hushughulika na ethili kwanza na kuiacha methili itoke bila kugeuzwa. Hiyo ni kazi ya daktari anayepima damu. Nyumbani mgonjwa asinyweshwe kitu cha kulevya, apelekwe mara moja.

Chupa hizo mbili zisikae kabati moja, na kila moja ibandikwe jina lake. Zote ziwekwe mbali na jiko, kwa kuwa mwali wa spiriti hauonekani vyema mchana.