TAFAKURI YA RAMADHANI 19: Aliyeshika padi ya pili



Leo nianze kwa kukiri jambo. Juzi usiku baada ya Tarawehe nilimkuta mwanangu amejikunja na simu pembeni ya kitanda. Nikamwendea nimwambie alale ili tuwahi daku, ndipo nikasikia ule muziki. Wallahi nilisimama. Ilikuwa Contra, ile gemu ya askari wawili wanaokimbia msituni, tuliyokuwa tukicheza sisi miaka ya tisini kwenye mashine ya kaseti. Nikamwambia, "Hebu nipe kidogo." Hicho kidogo kiliisha saa tisa na nusu usiku, mama yao alipopita kwenda jikoni kupasha daku. Akaniangalia, akatikisa kichwa, akapita. Afadhali angesema neno.

(Msianze kunitumia meseji za kuuliza hukumu ya gemu. Usiku wa Ramadhani ukipotea kwenye upuuzi ni hasara, na usiku ule mimi nilipata hasara. Tuendelee.)

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka. Sisi tulikuwa Ngamiani, Tanga. Jirani mmoja aliweka televisheni sebuleni, unatoa sarafu yako unakaa kwenye mkeka. Kaseti ya njano, juu imeandikwa ina michezo 9999, kumbe ni michache tu inajirudia majina. Ikigoma unaitoa, unaipuliza, unairudisha. Na padi zilikuwa mbili. Ya pili mara zote alishika mtoto wa baba yangu mdogo. Tulilala chumba kimoja, tulivaa kanzu kwa zamu, madrasa tulikwenda pamoja na tulichapwa pamoja.

Kwenye gemu ile risasi moja ikikugusa, umekufa. Mchezaji anaanza na maisha matatu, sisi tukiyaita roho. Siku moja ustadhi wetu alipita dirishani akasikia mtoto anapiga kelele, "Nimebakiza roho mbili!" Kesho yake akamsimamisha mbele ya darasa, akamuuliza hizo mbili kaziweka wapi, maana yeye ustadhi anayo moja tu na hata hiyo si yake. Tulicheka wiki nzima. Leo nikisoma Suratul Mu'minun, aya ya 99 na 100, pale mtu aliyefikiwa na mauti anapoomba arudishwe ili atende mema aliyoyaacha, na anakataliwa, namkumbuka ustadhi yule, Allah amrehemu.

Lakini tulikuwa na siri. Kabla mchezo haujaanza unabonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukipatia, unapewa roho 30. Siri hiyo ilianzia kwa Mjapani mmoja wa kampuni ya Konami, Kazuhisa Hashimoto. Mwaka 1986 alikuwa akitengeneza gemu nyingine, Gradius, akaona ni ngumu mno kwake kuijaribu, basi akajiwekea njia ya mkato. Njia ikabaki ndani, na Contra ya nyumbani ilipotoka mwaka 1988 ikawa nayo. Ikatufikia mpaka sisi watoto wa Ngamiani, bila hata kujua Japani iko upande gani.

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri. Tukiwa na roho tatu tulicheza tumekaza macho. Tukipewa 30 tulicheza ovyo. Tunaruka tu, tunakufa tunacheka, "ah, zipo nyingi." Mara unatazama zimebaki nne na hata nusu ya hatua zote nane hujafika. Hapo ndipo mtu anakaa sawa, anaanza kutafuta pa kuegemea.

Ramadhani tuliianza na siku 30, na hata hizo si za uhakika, huenda mwezi ukaandama wa 29. Mimi na wewe tulizichezaje zile kumi za kwanza? Leo ni 19. Kesho jua likizama tunaingia usiku wa 21.

Nirudi kwenye ile gemu. Juzi usiku niliicheza saa nzima na utamu wake sikuupata. Mlio ni ule ule, msitu ule ule, siri bado inafanya kazi, lakini kuna kitu hakipo. Nilikuja kukielewa nilipofika hatua ya tatu, ya maporomoko ya maji. Pale hukimbii mbele, unaruka kwenda juu, jiwe baada ya jiwe, na kioo kinapanda pamoja na wewe. Mkiwa wawili, mmoja akipanda haraka, mwenzake aliyebaki chini kioo kinamwacha, anakufa. Hakuna adui aliyempiga. Kauliwa na haraka ya mwenzake. Ndugu yangu alikuwa mzito wa kuruka. Kila tukifika pale alikuwa ananiambia, "Ningoje, ningoje." Siku nyingine nilimngoja. Siku nyingine nilipanda.

Nikaizima simu. Hii ni Ramadhani ya nne hatusemeshani.

Kisa ni mirathi ya babu yetu, nyumba. Sitaeleza ya kwake, nitaeleza kosa langu. Siku ya kikao, mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye najua mafungu. Ndugu yangu akauliza swali, tena swali la mtu asiyejua, na mimi nikamjibu mbele ya wazee na wake zetu kwa namna ya kumfanya aonekane mjinga na mwenye tamaa. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Mpaka leo ni sahihi, mnaweza kuileta kwa sheikh yeyote. Lakini nilipanda nikamwacha chini, na watu wanaangalia. Akanyanyuka akatoka. Tangu siku hiyo nasalisha watu, natoa darsa za kuunga udugu, halafu nikikutana naye sokoni kila mmoja anashika njia yake.

Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam, ametukataza kumhama ndugu kupita siku tatu, na akasema mbora wa wawili hao ni yule anayeanza kwa salamu. Iko kwa Bukhari na Muslim. Na katika Sahihi Muslim imekuja kwamba kila Jumatatu na Alhamisi waja husamehewa, isipokuwa wawili wenye uhasama, hao husemwa wangojwe mpaka wapatane. Tena kuna ile ya Bukhari ambayo tukiisoma inatupita: Mtume alitoka awaambie Masahaba Laylatul Qadri ni usiku gani hasa, akakuta watu wawili wanagombana, na elimu ile ikaondolewa. Ugomvi wa watu wawili tu, na umma mzima mpaka leo tunautafuta usiku huo.

Sasa mimi nitaingiaje itikafu Jumatatu na mkeka wangu na mto wangu, na huku kuna mtu nimemwacha kwenye maporomoko?

Basi kazi ya leo ni hii, kwako na kwangu. Kila mtu ana kitu cha utotoni anachokikumbuka kikamlegeza moyo: gemu, mpira wa makaratasi, redio ya babu. Kikumbuke leo, halafu jiulize nani alikuwa pembeni yako. Kama yupo hai na mko sawa, mpigie umfuturishe. Kama ametangulia, muombee dua kwa jina lake. Na kama ni kama mimi, unajua la kufanya. Usitume meseji ya "Ramadhani Karim" yenye picha ya kandili uliyowatumia watu mia mbili. Piga simu.

Mimi jana nilipiga baada ya Alasiri. Mara ya kwanza haikupokelewa. Ya pili akapokea. Nikatoa salamu, akaitikia. Nikamwambia, "Ndugu yangu, siku ile kwenye kikao nilikuvunjia heshima, nisamehe." Akanyamaza. Nilisikia pikipiki inapita upande wake. Akasema yuko njiani, atanipigia.

Mpaka naandika haya hajapiga. Leo baada ya Alasiri nitakwenda kwake mwenyewe, inshaallah, na tende. Kama sitarudi mapema, naibu atasalisha Magharibi.

Wabillahi tawfiq.