"Ni Kweli": Kukiri Kosa na Haki ya Kukata Rufaa

Makala haya yanachunguza jambo lililo baina ya sheria na isimu. Mshtakiwa akisema "ni kweli" mbele ya hakimu, je, anafahamu kwamba kwa maneno hayo mawili anajifungia mlango wa rufaa?

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 50, humpa kila aliyepatikana na hatia haki ya kukata rufaa. Hata hivyo, kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai (Sura ya 75) kinaeleza kuwa aliyetiwa hatiani na mahakama ya chini kwa kukiri kwake mwenyewe hawezi kukata rufaa, ila kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Kifungu hicho hakitaji onyo lolote. Mambo ni tofauti katika mapatano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa katika sheria hiyo mwaka 2008. Hapo kifungu cha 137F kinailazimu mahakama kumweleza mshtakiwa kwamba anaiachilia haki yake ya rufaa isipokuwa kuhusu adhabu. Ajabu ni kwamba anayeonywa ni yule aliyekwisha kujadiliana na upande wa mashtaka. Anayekiri papo hapo, pengine bila wakili, haonywi.

Kinga ya huyu wa pili imo katika lugha. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri (1973), Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba shtaka na vipengele vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha asomewe maelezo ya tukio. Akiyapinga au akizusha shaka juu ya hatia yake, ichukuliwe kwamba amekana. Kukiri kukiwa na utata, mahakama ya juu huweza kuisikiliza rufaa licha ya kifungu cha 348.

Mwanafunzi wa semantiki ataona uzito wake mara moja. Anayesema "nilichukua" hajasema "niliiba", kwani wizi unahitaji nia. "Nilimpiga" yaweza kuwa kauli ya mtu aliyejitetea. Na "nakubali"? Anakubali kosa, au anakubali kwamba shtaka amelisikia? Tena mahakama za chini huruhusiwa kutumia Kiingereza au Kiswahili, ilhali wapo washtakiwa wasioielewa vyema hata mojawapo. Hao hutegemea mkalimani, ambaye Katiba inaagiza apatikane bila malipo.

Sheria inaonekana kulitambua hili kwa nusu tu. Mapatano yakijadiliwa kupitia mkalimani, kifungu cha 137E kinadai cheti cha kuthibitisha kwamba anaimudu lugha hiyo na kwamba alifasiri kwa usahihi. Kifungu cha 207, kinachosimamia ukiri wa kawaida, hakidai cheti cha namna hiyo.