Ukishapita Kipili

Safari ya Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma haiharibikii Kigoma. Kule abiria bado ana nguvu, chakula alichofungiwa nyumbani hakijaisha na simu imejaa chaji. Inaharibikia huku mwishoni, kati ya Kipili na Kasanga, mtu akiwa amechoka na akili yake imeshafika nyumbani, Katandala mjini Sumbawanga, tangu jana. Anayeteremka vizuri Kasanga ni yule aliyeanza kuteremka kichwani siku moja kabla.

Kwa miongo mingi safari hii ilikuwa na jina moja, Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma, ambako iliingia majini mwaka 1915 ikiitwa Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isije ikaangukia mikononi mwa adui. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Miaka ya karibuni ilikaa muda mrefu ikisubiri matengenezo, wasafiri wakabaki na meli za mizigo na maboti ya mbao. Lakini siku ya mwisho ina tabia zilezile, uwe umepanda chombo gani.

Jambo la kwanza ni kuamua utashukia wapi, na uamue kabla ya Kipili. Watu wengi wa Sumbawanga wanadhani ni lazima wafike Kasanga. Si lazima. Kutoka Kipili au Kirando kuna barabara ya kupandia Namanyere na kuja mjini. Kama huna mzigo mkubwa na ziwa limechafuka, shuka huko. Kama una magunia, vumilia hadi Kasanga, maana kuna gati, na barabara ya kupitia Matai ni kama kilomita 112 hivi hadi Sumbawanga. Kwenye vijiji visivyo na gati unateremkia kwenye mtumbwi unaopanda na kushuka ubavuni mwa meli, na gunia la dagaa halijui kusubiri wimbi litulie.

Kuchafuka kwa ziwa nako kuna majira yake. Kuanzia Mei hadi Agosti hivi, kusi huvuma kwa nguvu, na kusini mwa ziwa ndiko kunakopigwa zaidi. Miezi hiyo usiahidi mtu saa ya kufika. Kula kidogo kidogo, kaa katikati ya chombo ambako mtikisiko ni mdogo, tazama mbali, usitazame simu. Ukiwa kwenye boti la mbao, boya livae mwilini. Kulikalia kama mto, jinsi wengi wanavyofanya, hakumsaidii mtu.

Sasa mzigo. Kwenye meli kubwa za kitalii zinazopita Zanzibar na Mombasa, usiku wa mwisho abiria huambiwa waweke mabegi nje ya mlango wa chumba yakusanywe, wabaki na kibegi cha mkononi tu. Husimuliwa habari za watu waliopaki hadi suruali ya mwisho, wakashuka asubuhi na nguo za kulalia. Huku kwetu hakuna wa kukukusanyia begi, lakini hicho kibegi kiige. Weka humo tiketi, kitambulisho, dawa, tochi, maji, pesa ndogondogo za mbeba mizigo, na sweta.

Ndiyo, sweta. Ziwa lipo mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, Sumbawanga ipo karibu 1,800. Ndani ya saa chache unapanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu, na ukifika usiku wa Juni au Julai ukiwa na fulana uliyotoka nayo Kigoma, hata mwenyeji wako atakuonea huruma. Sweta lililo chini ya gunia juu ya gari ni sawa na sweta lililobaki Kigoma.

Dagaa na migebuka mikavu ndiyo zawadi inayotarajiwa, usijifanye hujui. Nunua iliyokauka sawasawa: dagaa mkavu huvunjika ukimkunja, aliyepinda bila kuvunjika bado ana maji. Funga kwenye mfuko unaopitisha hewa, andika jina lako kwenye gunia upande wa mbele na wa nyuma, na usiweke karibu na madumu ya mawese. Dumu likivuja usiku, asubuhi mna kesi. Ukifika nyumbani, mara jua linapotoka, anika tena. Mvua za huku kwetu Ufipa humrudishia dagaa unyevu na kumwotesha ukungu.

Simu ichaji mchana kabla foleni ya soketi haijawa ndefu, kisha uizime. Utaihitaji mtandao ukirudi, umpigie dereva wa Kasanga uliyeelewana naye nauli mapema. Meli ikitia nanga usiku wa manane, lala hapohapo hadi kupambazuke. Gari la kwanza kuondoka mara nyingi ndilo lililojaa kupita kiasi. Anayeendelea Mpulungu ahakikishe hati yake imegongwa muhuri wa kutoka kabla meli haijaiacha Kasanga; upande wa Zambia si mahali pa kuanza kujieleza.

Kitandani usiku wa kwanza utahisi nyumba inayumba. Usiogope, mwili ulishazoea mawimbi, na kwa wengi hali hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Kinachotaka umakini ni homa. Mbu akikuuma Kirando au Wampembe, hutaugua siku hiyohiyo. Malaria kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki moja au zaidi, wakati safari umeshaisahau na baridi ya mjini ndiyo inayolaumiwa. Homa ikija, nenda kapime siku hiyohiyo, na mwambie mhudumu umetoka ziwani, maana akisikia tu unakaa Katandala anaweza kuanza na mafua.