Msafiri na Mnara wa Delhi: Somo la Kupokea Habari



Ndugu wanafunzi, katika vipindi vya tarikh tumemtaja mara nyingi Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, nchi ya Morocco, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Leo tumfuate mahali alipofika kama miaka mitatu baadaye: mji wa Delhi, India, penye msikiti wa kale na mnara mrefu uitwao Qutb Minar. Wengi wetu hapa Mtabila hatujafika huko, wala mimi sijafika. Lakini habari alizotuachia tunaweza kuzipima, kwa kuwa majengo yangali yamesimama na kuta zake zina maandishi.

Mnara huo wa mawe mekundu una urefu wa mita 72 na nusu. Ulianzwa mwishoni mwa karne ya 12 na Qutb al-Din Aybak, aliyekuwa mtumwa kisha jemadari wa Sultani Mu'izz al-Din Muhammad wa Ghur. Ukaendelezwa na Iltutmish, aliyetawala kuanzia mwaka 1211 mpaka 1236. Majina yao yamechongwa mnarani pamoja na aya za Qur'an.

Sasa tumsikilize msafiri. Ibn Battuta anasema kwamba aliyejenga mnara ni Sultani Mu'izz al-Din, mjukuu wa Balban. Huyo ndiye Kayqubad, aliyetawala kuanzia 1287 mpaka 1290, yaani nusu karne baada ya Iltutmish kufariki. Kosa limetoka wapi? Tazameni laqabu. Masultani wawili, wote Mu'izz al-Din! Wanafunzi wa hadithi wanaijua hatari hii: wapokezi wawili wenye jina moja, mmoja akadhaniwa kuwa mwingine.

Kisha anasema njia ya kupandia ndani ya mnara ni pana kiasi cha kupita tembo, na kwamba mtu anayemwamini alimweleza kuwa alimwona tembo akipanda na mawe mpaka juu wakati wa ujenzi. Hapa tusimame kidogo. Msimulizi ametajwa kuwa ni mwaminifu, na amesema ameona kwa macho yake. Je, tukubali? Wanachuoni wetu hawakutosheka na uaminifu wa mtu peke yake. Waliuliza pia: alizaliwa lini, na je, aliwahi kukutana na huyo anayemsimulia? Fanyeni hesabu. Iltutmish alifariki mwaka 1236. Ibn Battuta alifika Delhi mwaka 1334. Kati yao ni miaka 98. Mtu aliyeona mawe yakipandishwa akiwa na akili timamu angekuwa na zaidi ya miaka mia moja. Lakini kwa kuwa mnara ulikwisha kuhesabiwa kuwa wa Kayqubad, habari ya tembo ikaonekana inawezekana. Kosa la kwanza ndilo lililoifungulia mlango habari ya pili. Na ndani ya mnara kuna ngazi nyembamba za kuzunguka, 379 kwa hesabu. Mbuzi atapita, tembo hapiti. (Siku hizi wageni hawaruhusiwi kupanda, tangu msongamano wa mwaka 1981 ulioua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi.)

Katika ua wa msikiti kuna nguzo ya chuma iliyofuliwa kabla Mtume (s.a.w.) hajazaliwa. Ibn Battuta aliambiwa kuwa imetengenezwa kwa madini saba. Anasema urefu wake ni dhiraa 30, na kwamba waliizungushia kilemba, kikatoka kipimo cha dhiraa nane. Waliopima baadaye wamekuta ni chuma karibu kitupu, urefu wake mita 7 hivi, na mzunguko wake hauzidi dhiraa tatu.

Basi Ibn Battuta alikuwa mwongo? Hapana, na tusiharakishe kumtuhumu. Kitabu chake alikisimulia kwa mdomo huko Fez, akaandika Ibn Juzayy, kazi ikakamilika mwaka 1355. Ni miaka zaidi ya ishirini tangu alipoingia Delhi. Kumbukumbu hukuza vitu.

Liko jambo ambalo wengi wanaousifu msikiti huo hulipita kimya. Kwenye lango la mashariki kuna maandishi ya Kifarsi yasemayo kwamba vifaa vya mahekalu 27 vilitumika kuujenga. Ibn Battuta naye anasema palikuwa hekalu, na kwamba aliona masanamu mawili makubwa ya shaba yamelazwa langoni, watu wakiyakanyaga. Hapa msafiri na jiwe wanakubaliana. Maandishi hayo waliyaweka wajenzi wenyewe, si maadui zao. Anayesoma aya zilizochongwa mnarani asome na hayo pia. Akilionyesha moja na kulificha jingine, naye amekuwa msimulizi wa kutiliwa shaka.

Tusidhani haya ni ya India tu. Kuhusu Kilwa aliandika kwamba majengo yake yote ni ya miti. Lakini msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani ni wa mawe ya matumbawe, na sehemu yake ya kale ilikuwapo kabla yake kwa zaidi ya miaka mia moja. Hata hivyo habari zake za sultani wa Kilwa, Abu al-Mawahib, na ukarimu wake, ni hazina ambayo hatuna badala yake. Kwa hiyo tunamsoma, na tunampima.

Zoezi la likizo: Atakayekwenda Ujiji ataonyeshwa miembe penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana huko mwaka 1871. Aulize kama ni miembe ile ile au ni uzao wake. Asiyekwenda Ujiji achague msikiti wa zamani ulio karibu na kwao. Andika uliloambiwa, nani kakuambia, na yeye kalipata kwa nani. Kisha pima kwa dhiraa yako mwenyewe kinachopimika, uandike papo hapo, si ukirudi nyumbani. Madaftari yaletwe wiki ya kwanza ya kufungua madrasa.