INJINI YA LORI HUFA KWA VUMBI NA KUSAHAU



Mwaka juzi nilifika kijiji kimoja kukagua madarasa ya kisomo. Chini ya mwembe nilikuta lori la kikundi cha wakulima, boneti iko wazi. Watu wamekaa kimya kama wako msibani. Injini ilikuwa imefumuliwa na kufungwa upya, lakini baada ya wiki 6 tu imenoki tena. Kwa kazi ile ya kwanza walikuwa wameuza ng'ombe 4. Sasa mahindi yako ghalani na lori limelala.

Mwenyekiti akauliza, "Fundi, si uliweka ringi mpya?"

"Niliweka, mzee wangu. Lakini tuliifungua hapahapa, upepo unavuma. Mchanga uliingia. Na baadaye hakuna aliyekumbuka kumwaga oili."

Somo letu la leo linatoka katika jibu hilo.

INJINI INAFANYAJE KAZI?

Malori mengi hutumia dizeli. Injini ya namna hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel. Ilifanya kazi vizuri mwaka 1897. Haina plagi. Pistoni inashuka na kuvuta hewa. Inapanda na kuibana mpaka hewa inakuwa ya moto sana. Dizeli ikinyunyizwa humo, inawaka yenyewe. Moto unasukuma pistoni chini, nayo inazungusha kranki. Pistoni ikipanda tena, inatoa moshi.

Kranki huzunguka ndani ya beringi. Katikati yake kuna utando wa oili, mwembamba kama unywele wa kichwa chako. Sasa fikiri: chembe ya mchanga ikiingia hapo, itafanya nini? Itakwaruza chuma kama msasa.

MOSHI UNASEMA NINI?

Moshi wa bluu: injini inakula oili. Huenda ringi zimechoka.
Moshi mweusi: dizeli ni nyingi au hewa ni kidogo. Anza kwa kukagua filta ya hewa.
Moshi mweupe usiokwisha, na maji ya rejeta yanapungua: huenda maji yanaingia kwenye silinda.
Oili ikifanana na chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Zima injini. Usiendelee na safari.

KUFUMUA INJINI NYUMBANI

1. Tafuta fundi mzoefu na kitabu cha injini yenyewe. Vipimo vya injini nyingine havifai.
2. Fanyia kazi ndani ya banda lililomwagiwa maji kuzuia vumbi. Osha injini kwa nje kabla ya kuifungua.
3. Nyanyua injini kwa cheni imara. Asikae mtu chini yake hata kidogo.
4. Kila kitu kiandikwe namba. Pistoni ya silinda ya 1 irudi silinda ya 1. Vifuniko vya beringi visibadilishane.
5. Kupima na kuchonga kranki na silinda si kazi ya mwembeni. Peleka karakana yenye mashine.
6. Unapofunga, paka oili safi. Mianya ya ringi isikae mstari mmoja.
7. Bolti za silinda hedi zikazwe kidogo kidogo, kwa mpango na nguvu iliyoandikwa kitabuni. Tumia spana ya kupimia. "Nimekaza sana" si kipimo.
8. Kabla ya kuwasha, funga dizeli, uzungushe injini kwa stata mpaka geji ionyeshe oili inapanda. Usiwashe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake unaua.

KUITUNZA BAADAYE

Injini iliyofungwa upya ni kama mzazi aliyetoka kujifungua. Usiitwishe mzigo mkubwa siku za kwanza. Mafundi wengi humwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 500 hivi. Baada ya hapo, fuata kitabu.

Kila asubuhi pima oili na maji. Filta ya hewa ikaguliwe mara nyingi wakati wa kiangazi. Rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto. Oili chafu isimwagwe karibu na kisima.

Na hapa ndipo kisomo chako kinapohitajika. Weka daftari. Chora safu 5: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, oili au maji yaliyoongezwa, na jina la aliyefanya.

Kikundi kile kiliuza ng'ombe wengine, kikafunga injini kwa utaratibu huu. Daftari akapewa mama mmoja mhitimu wa kisomo. Baada ya miezi michache aliona jambo: wiki moja maji yameongezwa mara 1, wiki iliyofuata mara 4. Dereva alisema, "Gari halina neno, mama." Mama akafungua daftari, akamwonyesha. Fundi alipokagua alikuta gasketi ya silinda hedi imeungua. Wakanunua gasketi, hawakuuza ng'ombe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini injini ilinoki baada ya wiki 6?
2. Moshi wa bluu unatuambia nini?
3. Mama aligundua hitilafu kabla ya dereva. Aliwezaje?
4. Kijijini kwenu kuna mashine gani, na nani anaandika daftari lake?