SOMO: Maji ya Kisima Karibu na Kiwanda – Tushauriane Vipi Bila Kugombana?



Katika Haut-Katanga na Lualaba, baadhi ya familia zilizokimbia vita vya Mitwaba, Manono na Pweto zimejenga pembeni ya miji ya migodi. Huko kiwanja ni cha bei ndogo na kisima kinachimbwa kwa mikono. Mara nyingi mahali hapo pako karibu na kiwanda au bwawa la mabaki ya migodi. Maji yakianza kuleta mashaka, ugomvi wa kwanza mara nyingi huwa kati ya wenyeji na wageni wanaochota kisima kimoja, kabla hata ya kampuni kuulizwa neno. Somo hili linaonyesha namna ya kushauriana ili ukweli ujulikane na amani ibaki.

1. Tuelewe tatizo

Viwanda vingi vinavyotoa shaba na kobalti katika mawe hutumia asidi ya salfa. Maji machafu na matope yanayobaki huwekwa katika mabwawa. Kama chini ya bwawa hapakuzibwa vizuri, asidi na metali huzama mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi, hasa wakati wa mvua. Maji hayo hutembea. Kisima cha mbali kinaweza kuguswa baada ya miezi, hata miaka.

Maji yenye metali yanaweza kuwa safi kwa macho na matamu kwa ulimi. Tena, kuchemsha na kutia klori huua vidudu vya kipindupindu, lakini hakuondoi risasi (plombi) wala urani. Msiache kutia dawa, kwa sababu kipindupindu kinaua upesi. Ila mjue kwamba dawa hiyo haitibu shida hii ya pili. Ni maabara tu inayoweza kuionyesha.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa uchunguzi juu ya watu wanaokaa chini ya kilometa 3 kutoka migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Mkojo wao ulikuwa na metali nyingi, hasa kobalti, kuliko wa watu wa mbali. Lakini metali huingia mwilini kwa vumbi na chakula pia. Kwa hiyo tusihukumu kisima kabla ya kupima.

2. Tujue haki zetu

Katiba ya 2006 inatambua haki ya maji ya kunywa (kifungu 48) na ya mazingira safi (kifungu 53). Sheria ya migodi, iliyorekebishwa Machi 2018, inasema kampuni ya migodi hulipa madhara yaliyoletwa na kazi yake hata kama haikufanya kosa (kifungu 285 bis). Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinataka wapewe maji safi, na wanawake washiriki katika kupanga ugawaji wake. Anayekunywa maji ana haki ya kuulizwa, awe mzaliwa wa hapo au aliyefika jana.

3. Hatua za mashauriano

(a) Hesabuni visima vyote pamoja. Chagueni wenyeji na waliohama kwa idadi sawa, nusu yao wakiwa wanawake, maana wao ndio wanaochota. Kisima kisichoandikwa hakitapimwa.

(b) Patanene juu ya kupima kabla ya kupima. Visima gani? Nani atachota? Maabara ipi? Pimeni kiangazi na wakati wa mvua. Pimeni pia kisima kilicho upande wa juu wa kiwanda, kwa kulinganisha. Chupa zifungwe mbele ya mashahidi wa kila upande, ziandikwe namba, na chupa ya pili itumwe katika maabara nyingine. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Ikifanyika vizuri, asiyependa matokeo hatakuwa na nafasi ya kusema yamepikwa.

(c) Kutaneni mahali ambapo watu hawaogopi, si ndani ya uzio wa kampuni. Waliohama hunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Chifu au mkuu wa mtaa atangaze wazi kwamba hakuna atakayepoteza kiwanja kwa sababu ya kusema. Wasikilizeni wanawake peke yao kwanza.

(d) Matokeo yasomwe kwa Kiswahili. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa mikrogramu 10 katika lita moja kwa risasi, na 30 kwa urani. Kila familia iambiwe namba ya kisima chake na kama imepita mpaka huo.

(e) Makubaliano yaandikwe: nani ataleta maji, bidoni ngapi kwa familia, mpaka lini. Kila upande ubaki na nakala. Angalieni sana: sahihi ya kuhudhuria mkutano si sahihi ya kukubali. Andikeni hivyo juu ya orodha kabla haijazungushwa.

4. Tujihadhari

Msifunge kisima bila kuonyesha kingine. Familia iliyofungiwa itaenda mtoni, au kwenye pompu ya jirani usiku, na ugomvi utaanza upya. Pia uvumi kwamba "wageni wametia sumu" ujibiwe siku ile ile, na viongozi wa pande zote mbili wakisimama pamoja.

Maswali ya kujadiliana

– Katika mtaa wetu, ni visima vya nani havijawahi kuhesabiwa?
– Nani hasemi katika mikutano yetu, na anaogopa nini?
– Kisima kikifungwa kesho, familia zitachota wapi, na nani amekubali kuwapokea?

Jadilianeni katika vikundi vidogo, kisha kila kikundi kilete jibu moja mbele ya wote.