SOMO: NOTI MPYA, JASHO LILE LILE
Kwa nini serikali hubadilisha noti na sarafu, na mfanyakazi aangalie nini



Kila mara noti mpya zinapotolewa, maswali hutufikia kwenye malango ya viwanda na kwenye kambi za mashamba ya chai na miwa. Mmoja huuliza: "Je, sasa mshahara utakuwa na nguvu?" Mwingine huuliza: "Pesa niliyoweka nyumbani itatupwa?" Wako pia wanaosema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, sisi yatuhusu nini.

Yanatuhusu sana. Wengi wetu hatuna nyumba za kupangisha wala duka. Tulicho nacho ni jasho, na jasho hilo hulipwa kwa karatasi. Karatasi ikibadilishwa, ni lazima tujue ni kitu gani hasa kilichobadilika.

Katika somo hili tutatenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kubadilisha SURA ya pesa, kubadilisha KUFULI lake, na kubadilisha HESABU yake.

1. KUBADILISHA SURA

Noti hufika mahali ambapo gazeti halifiki. Kwa hiyo kila mtawala huitumia kutangaza nani anatawala.

Wakati wa ukoloni, Uganda, Kenya na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na bodi iliyoundwa London mwaka 1919. Kwa miaka mingi pesa hizo zilibeba jina au picha ya mfalme au malkia wa Uingereza. Baada ya uhuru kila nchi ilitaka pesa yake. Tanzania ilifungua benki kuu yake Juni 1966, Uganda Agosti, na Kenya Septemba. Shilingi moja ya zamani ilibadilishwa kwa shilingi moja mpya. Bendera ilibadilika, hesabu haikubadilika.

Baadaye siasa za Uganda zilionekana kwenye noti zenyewe. Mwaka 1973 zilitoka noti zenye picha ya Idi Amin. Alipopinduliwa mwaka 1979, zikatoka noti zisizo na uso wake, zenye picha ya jengo la Benki ya Uganda. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 ukaja uso wa Milton Obote, nao ukaondolewa baada ya yeye kupinduliwa mwaka 1985. Wakenya walichoka na mambo hayo wakaandika katika Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote.

Mabadiliko ya sura peke yake hayamwongezei mfanyakazi kitu wala kumpunguzia. Bei ya kilo ya posho haishuki kwa sababu picha imebadilika.

2. KUBADILISHA KUFULI

Noti ni kama mlango, na wezi hujifunza kulifungua kufuli. Noti ikikaa miaka mingi bila kubadilishwa, watengenezaji wa noti bandia huizoea. Ndiyo maana benki kuu huongeza uzi ndani ya karatasi, picha inayoonekana ukiinua noti kwenye mwanga, na maandishi yanayokwaruza kidole.

Jambo hili linatugusa, kwa maana hasara ya noti bandia humwangukia yule wa mwisho kuishika. Ukiipeleka benki, inachukuliwa na hupewi nyingine. Tajiri hasara hiyo huimeza. Lakini mpakuzi wa chai aliyeuza kuku wake akapewa noti bandia ya 20,000 amepoteza siku nyingi za kazi.

Mwezi Mei 2010 Benki ya Uganda ilitoa noti za namna hiyo, kuanzia 1,000 mpaka 50,000, na noti ya 2,000 ikiwa ni mpya kabisa. Zote zilichorwa kwa mtindo mmoja: ramani ya Uganda yenye mstari wa ikweta, Mnara wa Uhuru, nakshi za mikeka yetu, na mtu aliyevaa kofia ya Kikaramoja. Noti za zamani ziliendelea kutumika pamoja na hizo mpya. Hapakuwa na haja ya mtu kukimbia.

Sababu nyingine ni kuchakaa. Noti ndogo hupita mikono mingi: sokoni, kwenye teksi, kwenye mfuko wenye jasho. Sarafu hudumu miaka mingi zaidi. Kwa hiyo sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500 zenye tarehe ya 1998 zilichukua nafasi ya noti, na mwaka 2012, Uganda ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, ikatoka sarafu ya 1,000. Lakini tuone dalili iliyofichika hapo. Kiasi kilichokuwa cha noti kikishuka na kuwa cha sarafu, maana yake kiasi hicho kimekuwa kidogo.

Mara nyingine kufuli hubadilishwa ili kuwatoa nje wenye pesa zilizofichwa. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2019. Tarehe 1 Juni ilitangaza noti mpya, na wenye noti za zamani za 1,000 wakapewa mpaka 30 Septemba kuzirudisha. Serikali ilisema inawatafuta wenye pesa haramu na bandia. Nia hiyo si mbaya. Lakini mwenye magunia ya noti ana wakili na marafiki benki. Bibi kizee wa kijijini aliyefunga noti tatu katika kitambaa hana. Tarehe ya mwisho ikiwekwa, kazi ya chama ni kuhakikisha habari imemfikia huyo bibi kabla ya wanunuzi wa noti kumfikia na kumpa nusu ya haki yake.

3. KUBADILISHA HESABU

Hapa ndipo pa kufungua macho. Serikali ikitumia kuliko inavyokusanya, na pengo hilo ikalijaza kwa kuchapa noti, pesa huongezeka lakini sukari, sabuni na mafuta ya taa haviongezeki. Bei hupanda. Sifuri huongezeka kwenye noti, mpaka kuhesabu kunakuwa mzigo. Ndipo serikali hukata sifuri.

Hayo yalitokea Uganda. Mwaka 1966 noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Mwaka 1985 ilikuwapo noti ya 5,000. Nchi ilikuwa imepita katika vita na magendo, viwanda vingi vimesimama. Mwezi Mei 1987 serikali ikatangaza shilingi mpya: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Na zaidi ya hapo, ikakata asilimia 30 ya pesa iliyobadilishwa kama kodi. Shabaha, ilisema, ni kupunguza pesa iliyozagaa ili bei zitulie.

Tufanye hesabu pamoja. Mfanyakazi alikuwa ameweka shilingi 10,000 za zamani. Kukata sifuri mbili peke yake kungempa shilingi 100 mpya, na kama bei nazo zingekatwa sifuri mbili, asingepoteza kitu. Lakini kodi ilichukua 3,000 kwanza. Zilibaki 7,000, yaani shilingi 70 mpya. Kwa hiyo kukata sifuri hakukumla. Kilichomla ni ile kodi.

Na kuna kisu cha pili. Siku hizo hizo thamani ya shilingi ilishushwa mbele ya dola. Dola iliyokuwa shilingi 1,400 za zamani, yaani 14 mpya, ikawa shilingi 60 mpya. Kila kitu kinachotoka nje, kama mafuta na vipuri vya mashine, kikawa ghali zaidi, na nauli ikafuata.

Je, bei zilitulia? Hazikutulia. Noti ziliendelea kuchapwa, na mwaka 1988 thamani ya shilingi ilishushwa tena, dola ikawa 150. Kilichotuliza bei kilikuja baadaye, kuanzia mwaka 1992, serikali ilipojifunga kutumia kile tu ilichokusanya. Hata hivyo sifuri zilirudi polepole. Mwaka 2003 ilitoka noti ya 50,000. Kwa hesabu ya kabla ya Mei 1987, hiyo ni shilingi milioni tano katika karatasi moja.

Majirani zetu wa Zaire, ambayo sasa ni Kongo, waliona makubwa zaidi. Mwishoni mwa 1992 serikali ya Mobutu ilitoa noti ya zaire milioni tano. Waziri Mkuu Tshisekedi alisema noti hiyo si halali, na wenye maduka wakaikataa. Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo walikuta hawawezi kununua nayo chochote, wakaanza kupora mjini Kinshasa, na watu wengi wakafa. Mwaka huo huo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Nayo ikaoza haraka. Hapo tunajifunza kwamba mshahara si namba iliyoandikwa kwenye noti. Mshahara ni kile ambacho mwenye duka yuko tayari kukupa ukimpa noti hiyo.

4. TUFANYE NINI

Kwanza, noti mpya ikitangazwa, tuulize maswali matatu. Moja kwa moja, au sifuri zinakatwa? Kuna kodi au makato? Tarehe ya mwisho ni ipi, na ya zamani itabadilishwa wapi? Majibu yabandikwe kwenye ubao wa chama siku hiyo hiyo, kwa lugha ambazo wenzetu wanazisoma.

Pili, tusikubali mwajiri atulipe kwa noti za zamani siku za mwisho, huku akijiwekea mpya. Na sifuri zikikatwa, tukague hati ya mshahara. Senti zinazopotea mwajiri anapofanya hesabu ya jumla, ukizizidisha kwa wafanyakazi mia tano, si senti tena.

Tatu, kila tawi liwe na daftari la bei. Kila mwisho wa mwezi liandike bei ya kilo ya posho, kilo ya sukari, mche wa sabuni, chupa ya mafuta ya taa na nauli ya kwenda kazini. Kisha liandike mshahara wa siku moja unanunua kilo ngapi za posho. Tukienda kwenye meza ya majadiliano na daftari hilo, hakuna atakayetudanganya kwa noti inayong'aa.

Nne, tuiangalie akiba ya uzeeni. Mtu aliyechangia tangu miaka ya 1970, alipofika 1987 alikuta michango yake imekwisha kuliwa na bei, kabla hata sifuri hazijakatwa. Akiba isiyokua pamoja na bei ni ndoo inayovuja. Wajumbe wetu wadai hesabu ya faida kila mwaka.

Serikali yaweza kubadilisha sura ya pesa, na ina haki. Yaweza kubadilisha kufuli, na mara nyingi inafanya vizuri. Ikibadilisha hesabu, sisi nasi tuwe na hesabu yetu mkononi.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Taja noti au sarafu ambazo umeziona zikitoweka katika maisha yako. Zilinunua nini zamani?
2. Mtu alikuwa na shilingi 25,000 za zamani Mei 1987. Baada ya kodi ya asilimia 30, alipata shilingi mpya ngapi?
3. Mshahara wako wa siku moja ulinunua kilo ngapi za posho mwaka jana? Na mwezi huu?
4. Nani tawini kwenu atashika daftari la bei, na nani atamkagua?